Mchezo Uliomsahau Mchota Maji

Vijana wa kikundi kimoja cha utamaduni, hapa kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika, walitualika sisi walimu kuangalia mchezo wao juu ya kujenga boti ya mbao. Tusiwanyime haki yao: ngoma zilipigwa vizuri, na yule aliyeshika tezo alijua kuishika. Tuliona mbao zikipasuliwa, mbavu zikipigiliwa misumari, mzee akiombea, watu wakivuta kamba mpaka majini. Hapo makofi, mchezo ukaisha.

Uliisha mapema mno. Wenye kujua ziwa wanajua kwamba boti, hata ikiwa mpya, inaingiza maji. Fundi anashindilia pamba yenye mafuta ya mawese kati ya mbao, anaigongelea kwa patasi, kisha kazi iliyobaki anaachia maji yenyewe. Mbao zikilowa zinavimba, zinabanana. Ndiyo maana boti iliyokaa siku nyingi juani haipelekwi kuvua siku ileile: wanaizamisha kwanza kando, inakaa imejaa, halafu wanaichota. Kujaza boti maji ili isiingize maji! Jambo la akili namna ile, tena la kuchekesha, lingefaa jukwaani kuliko hotuba ile ndefu juu ya mababu.

Na mchota maji yuko wapi? Usiku wa giza, taa zimewashwa kungojea ndakala, kuko kijana mdogo amekaa na bidoni iliyokatwa (zamani kilikuwa kibuyu), anachota tu. Mahali pale chini maji yanapojikusanya, watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wanapaita ngama. Sisi tunasema tu «chini ya boti», na hata hapo hatusemi mara nyingi. Kijana akisinzia, maji yanapanda, boti inakuwa nzito, kila wimbi linaongeza mengine. Na ziwa letu, mahali penye kina zaidi, linafika karibu mita 1470. Wengine wa vijana hao ni wanafunzi wetu wenyewe. Asubuhi wanalala juu ya daftari, na sisi tunawagombeza kwa uvivu. Katika mchezo ule hakuna aliyepewa nafasi yao, labda kwa sababu kuchota hakuna ngoma. Lakini kama mchezo unataka kutufundisha maisha ya ziwa, ni kwa huyo ungeanzia.

Boti ya mchezo wameiweka katika kiwanja chao kama ukumbusho. Tulipita kuiona mwisho wa kiangazi. Rangi bado nzuri, mbao zimeachana, unapenyeza kidole kati yake. Watoto walikuwa wamekaa ndani wakipigwa picha. Tukamwuliza mmoja wa kikundi kwa nini hawaiweki kivulini, au hata kuilowesha mara mojamoja. Akajibu, kwa heshima kabisa, kwamba pale juani ndipo wageni wanaiona vizuri.