Nuru kama Uhusiano wa Rangi katika Picha za Marundo ya Ngano za Claude Monet

Imedaiwa kwa muda mrefu kwamba mchoraji wa mandhari wa mkondo wa uimpreshonisti hunakili nuru jinsi inavyolifikia jicho kwa wakati maalumu. Dai hilo limemfanya Claude Monet aonekane kuwa jicho tupu, lisilo na akili inayopanga. Picha zake za marundo ya ngano za mwaka 1890 na 1891 zinalikanusha, ingawa kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuliunga mkono.

Marundo hayo yalikuwa shambani karibu na nyumba yake huko Giverny, Ufaransa. (Kuyaita marundo ya nyasi, kama ilivyozoeleka, ni kosa: ni miganda ya ngano iliyopangwa ikisubiri kupurwa.) Umbo halibadiliki sana, kinachobadilika ni saa, majira na hali ya hewa.

Turubai ya 1891 iliyomo katika Makumbusho ya J. Paul Getty inaonesha marundo mawili asubuhi ya theluji. Kivuli kilicholala juu ya theluji si cheusi. Ni cha buluu. Marundo yenyewe, hata upande usioelekea jua, yamejengwa kwa rangi za joto. Buluu hiyo ikitengwa haiangazi chochote. Hupata nguvu kwa kukaa jirani na rangi ya chungwa, nayo ya chungwa huwaka kwa sababu ya buluu. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alikwisha kueleza mwaka 1839 jinsi rangi zinazopakana zinavyoathiriana. Si lazima Monet awe alimsoma ili brashi yake iidhihirishe kanuni hiyo.

Watetezi wa dai la unakili hutegemea barua ya Oktoba 1890 ambamo Monet anamlalamikia mhakiki Gustave Geffroy kwamba jua huzama upesi mno. Ushahidi huo ni nusu tu. Turubai hizo zilirekebishwa baadaye studioni, tabaka juu ya tabaka, na kitu kilichorekebishwa hivyo si nakala ya wakati mmoja. Tena, Mei 1891 turubai 15 zilioneshwa pamoja katika galari ya Durand-Ruel jijini Paris, kila moja ikawa jirani ya nyingine kama buluu ilivyo kwa chungwa. Wassily Kandinsky, alipoiona mojawapo jijini Moscow, hakulitambua rundo mpaka aliposoma katalogi. Rangi zilikuwa zimemfikia kabla ya kitu chenyewe.

Mfululizo huo sasa umetawanyika. Uchambuzi wa turubai moja, kama huu wa ile ya Getty, unauacha nje ujirani wa Mei 1891.