Kupima Ushiriki wa Mtoto Afinyangaye

Ferre Laevers wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alitupatia kipimo cha ngazi 5 cha kuona mtoto amezama kiasi gani katika kazi. Sifa yake kubwa ni kwamba mwalimu humtazama mtoto akiwa kazini, hangoji picha iliyokamilika. Hutazama umakini, uvumilivu, uso, mkao, na maneno.

Hilo la maneno ndilo linalotutatiza. Nakivale, wilayani Isingiro, darasa moja laweza kuwa na Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali. Mtaala wa 2007 unataka darasa la 1 hadi la 3 lisomeshwe kwa lugha ya mazingira, na wenyeji wa huku, kama wa Mbarara mjini, husema Kinyankore. Je, mtoto anayefinyanga chungu kimya, akakivunja na kukianza upya mara tatu, aandikiwe ngazi ya 2 kwa kuwa hakusema? Na mwenzake wa Mbarara anayepiga soga, brashi imekauka mkononi, apewe ya 4? Hapo tumepima Kinyankore, si sanaa.

Kwa haki, Laevers hakukusudia ishara hizo zijumlishwe kama alama za mtihani. Ni sisi walimu (tunapenda mno kutia vema!) tunaozigeuza orodha.

Fomu iwe na nafasi ya kuandika lugha ya mtoto. Mkongomani na aulizwe kwa Kiswahili, "Hapa umefanya nini?" Msomali aliyefika juzi huenda asijibu; basi mwalimu aitazame mikono yake.