Kiberiti cha vijana wa Detroit

Jumamosi moja niliwasha spika kwenye banda la vijana nikaweka albamu ya kwanza ya MC5, "Kick Out the Jams". Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasimama mlangoni. "Mwanangu, ni mashine ya kusaga ndiyo imeharibika?" Simlaumu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilifikiri memori kadi imekufa.

MC5 walikuwa vijana watano, wazungu, kutoka upande wa Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari. Muziki wao ni ile rock ya gereji: unafanya mazoezi pale gari linapolala, unafungua gitaa mpaka mwisho, usafi wa sauti utajijua. Panki ilikuja miaka kadhaa baadaye, na wapanki wengi wanawaita hawa kaka zao wakubwa. Bendi nyingi huingia studio kwa albamu ya kwanza. Wao walirekodi mbele ya watu, Grande Ballroom, tarehe 30 na 31 Oktoba 1968, ikatoka 1969. Ndiyo maana unasikia jasho mle ndani. Kabla ya wimbo wowote kuna mtu anahubiri kama mchungaji wa mkesha, anawataka watu wachague upande, tena haraka haraka.

Siasa yao haikuwa pambo. Meneja wao, John Sinclair, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa White Panther Party, chama cha weupe waliotaka kusimama na Black Panthers. Agosti 1968 walipiga Chicago, vijana wakipinga vita vya Vietnam, na polisi wakawa wanawatwanga watu kwa virungu.

Sasa nije kwenye wimbo ulioninyima usingizi: "Motor City Is Burning". Julai 1967 polisi wa Detroit walivamia baa isiyo na leseni mtaa wa weusi, mji ukalipuka siku tano, watu 43 wakafa. John Lee Hooker, mpiga blues mweusi aliyeishi mji huohuo, akaurekodi wimbo huu. Kwa Hooker moto unawaka, na yeye anachukua mke na familia, anaondoka. Basi. MC5 wanauchukua wimbo uleule, lakini mwimbaji wao Rob Tyner anasema yeye naye, pamoja na uzungu wake, angependa kuwasha kiberiti kwa ajili ya uhuru.

Hapo nilizima spika.

Mimi nilitoka Fizi nikiwa mtoto, mgongoni kwa dada yangu, na nyuma yetu kulikuwa na moshi. Waliowasha nao walikuwa wanasema uhuru, uhuru. Kwa hiyo Hooker ninamwelewa bila tafsiri. Tyner ananikera, na kinachonikera zaidi ni kwamba anaimba vizuri. Gitaa za Wayne Kramer na Fred Smith zinavutana pale mpaka mwili unataka kusimama wenyewe.

Vijana wangu hawakukubaliana nami. Mmoja, miaka kumi na saba, akaniambia, "Kaka, wewe unamsikia mwenye kiberiti. Mimi namsikia mtu aliyechoka kukaa kimya." Tulibishana mpaka betri ya sola ikaisha. Sikumshinda, na bado nafikiria alichosema nikiwa kwenye foleni ya posho.

Mambo mengine nayapita. Wimbo wa mwisho, "Starship", waliochota kwa Sun Ra, unazunguka zaidi ya dakika nane, na mimi nilishuka njiani. Duka la Hudson's lilikataa kuuza albamu kwa sababu ya tusi moja, bendi ikalijibu kwa tangazo lenye tusi hilohilo, na kampuni ya Elektra ikawafukuza. Ujinga mtamu wa ujana, lakini ujinga.

Kuna jambo moja halipo kwenye albamu. Kramer alifungwa jela miaka ya sabini kwa mambo ya dawa za kulevya, na alipozeeka akawa anapeleka magitaa kwa wafungwa wa Marekani. Nilimwambia yule kijana habari hiyo. Akauliza kama huwa wanaleta na kambini.

Jumamosi ijayo tunaanza na Hooker, halafu wao. Mama wa ndoo ameomba tupunguze sauti.