Fundo la Kaboni

Ganda la mzizi wa mtufaha ni chungu. Mwaka 1835 wanakemia wawili wa Ubelgiji, Laurent-Guillaume de Koninck na Jean Servais Stas, walichuja uchungu huo wakabaki na chembe nyeupe, florizini. Enzi hizo kitu kichungu kilidhaniwa ni dawa ya homa, kwa kuwa kwinini nayo ni chungu, basi florizini ikatwishwa kazi isiyo yake. Stas baadaye alisifika kwa kupima uzito wa atomi kwa usahihi wa ajabu, nami hupenda kudhani kuwa mkono ule ulianza kuzoea utulivu kwenye maganda yale.

Mwaka 1886 Josef von Mering akaonyesha kuwa mbwa aliyepewa florizini hukojoa sukari. Figo za mtu mwenye afya huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku, kisha huirudisha karibu yote kwenye damu. Florizini huziba lango la kurudishia. Kwa mwenye kisukari, hiyo ni njia ya kumwaga ziada. Tatizo ni kwamba ikimezwa haifiki. Imejengwa kwa glukosi na kipande chenye pete mbili, vikishikana kwa atomi moja ya oksijeni, na kimeng'enya cha utumbo hukata papo hapo. Isitoshe, huziba pia lango la glukosi la utumboni, na mtu akaharisha.

Hapa ndipo sichoki kuwastaajabia waliokuja baadaye. Glukosi hawakuigusa, maana ndiyo inayolifanya lango la figo liipokee. Waliitoa oksijeni tu, wakaifunga sukari kwenye pete moja kwa moja, kaboni kwa kaboni, fundo ambalo kimeng'enya kile hakiliwezi. Daraja la kaboni tatu baina ya pete wakalifupisha likabaki la kaboni moja. Pete ya ndani wakaipachika klorini, ya nje etoksi. Ikapatikana dapagliflozini, inayoshika lango la figo na kuliacha la utumboni karibu lote. Kwa hiyo anayetafuna ganda la mtufaha hajanywa dawa hii.

Lango hilo la figo hurudisha chumvi pamoja na sukari. Zote mbili zikiachwa zipite, figo hukaza mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio, na shinikizo linalovichakaza hushuka. Utafiti wa DAPA-CKD, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia wagonjwa wa figo 4,304, wengine wasio na kisukari. Kwa waliopewa dawa, hatari ya figo kudhoofika sana au kushindwa kabisa, au ya kufa kwa maradhi ya figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Wiki za mwanzo kipimo cha kazi ya figo huweza kushuka kidogo, na daktari anayeijua dawa hii hakimbilii kuisimamisha.