Buli la Russell na Mungu Tunayemhubiri

Mwaka 1952 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliombwa na jarida la Illustrated aandike juu ya swali kama Mungu yupo. Jarida halikuichapa makala hiyo, lakini mfano mmoja uliomo ndani yake umesafiri mbali. Tuseme, asema Russell, kwamba kati ya dunia na Mirihi liko buli la kaure linalolizunguka jua, dogo mno hata darubini zisiweze kulionyesha. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba halipo. Lakini mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo yatupasa kuliamini, tutamwona mpuuzi. Ila kama buli hilo lingetajwa katika vitabu vya kale na kufundishwa watoto kila Jumapili, basi mwenye kulitilia shaka ndiye angehesabiwa kuwa mgonjwa wa akili. Mwaka 2006 Richard Dawkins aliutumia tena mfano huo katika kitabu chake The God Delusion, akaweka kando yake viumbe vingine vya kubuniwa. Hoja ni kwamba kumwamini Mungu na kuamini viumbe vya hadithi ni jambo la aina moja.

Jibu nilisomalo mara nyingi katika insha za wanafunzi ni kwamba sayansi haiwezi kuthibitisha kuwa Mungu hayupo. Jibu hilo halifai kitu, kwa maana ndilo hasa Russell alilolivunja: nalo buli haliwezi kuthibitishwa kuwa halipo. Wengine hutaja ukale wa imani na wingi wa waumini, wasione kwamba mfano umekwisha kulijibu na hilo. Tumpe Russell haki yake. Mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mchungaji hana msamaha katika hili.

Kosa la mfano liko kwingine, nalo laonekana vizuri katika Biblia zetu wenyewe. Neno la Kiebrania re'em, lililomo katika Hesabu 23:22 na Zaburi ya 22, lilitafsiriwa katika Septuaginta ya Kiyunani kuwa mnyama wa pembe moja. Luther naye alimwandika mnyama huyo katika Biblia yake ya Kijerumani, na Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikafanya vivyo hivyo. Kwa karne nyingi, basi, Wakristo wa Ulaya walikuwa na sababu ya Kimaandiko ya kumwamini kiumbe ambaye hakuna aliyemwona. Baadaye wataalamu waliona kwamba re'em ni ng'ombe wa mwitu, na sisi tusomao Biblia ya Kiswahili ya Union twakuta pale nyati. Je, ni kanisa gani lililofunga milango kwa kumpoteza mnyama yule? Ni sala gani iliyobadilika? Orodha ya vilivyomo ulimwenguni ilipungua kitu kimoja, basi. Lakini mtu aachapo kumwamini Mungu hapunguzi kitu kimoja katika orodha. Anaisoma orodha nzima upya, na jina lake mwenyewe limo. Thomas Aquinas alikwisha kufundisha katika karne ya 13 kwamba Mungu hayumo katika jamii yoyote ya vitu. Buli ni kitu kimojawapo. Muumba si kimojawapo.

Hata hivyo si kila aitwaye mungu anaokoka. Zeu wa Wayunani alizaliwa, ana baba na mama, anaoa na kudanganya. Juu yake hoja ya Russell ni ya haki kabisa, na tena si mpya, kwa kuwa Isaya 44 huwacheka wachonga miungu kwa ukali kuliko Dawkins. Justin Mfiadini, katika karne ya pili, alikiri kwamba kwa habari ya miungu ya namna hiyo Wakristo ni wakanao miungu kweli.

Tena Luther, katika Katekisimo Kubwa ya 1529, akieleza amri ya kwanza, asema mungu ni kile ambacho moyo wa mtu hukitegemea na kukitumainia, na mfano wake wa kwanza ni mali. Sasa mali ipo; hakuna mwanafalsafa aliyeandika makala kuuliza kama fedha zipo. Kwa kiumbe cha hadithi, swali la kuwapo likijibiwa, shauri limekwisha. Kwa mungu halijaisha, maana mungu wa uongo aweza kuwa kitu kilichopo bila shaka yoyote.

Msomaji atauliza kama huku si kukimbia. Mtu amtumaini asiyekuwapo? La hasha, Waebrania 11:6 hulifunga tundu hilo. Lakini twaone ni wapi imani ya Kikristo ilikojiweka. Buli limefichwa kwa makusudi mahali ambapo hakuna awezaye kulifikia. Sisi twakiri aliyeteswa zamani za Pontio Pilato, na Paulo, katika 1 Wakorintho 15, ataja wazi neno ambalo lingeiangusha imani yote: Kristo kutofufuka. Mwenye kuficha buli hasemi hivyo.

Linalonisumbua zaidi ni mimbari zetu. Mwandishi wa Uganda Okot p'Bitek alisimulia kwamba mwaka 1911 mapadre Waitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi, ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba, swali likawa, ni nani aliyewafinyanga. Na waliposhurutishwa wajibu, mmoja akamtaja Rubanga, pepo ambaye huwafinyanga watu kuwa vibiongo kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Basi Rubanga akawa jina la Mungu. P'Bitek alisimulia hayo kwa dhihaka, naye alistahili kudhihaki. Lakini Waacholi Wakatoliki wamelitumia jina hilo katika sala kwa vizazi, na hawamwombi mvunja migongo. Jina lilibatizwa kwa yale yaliyosemwa juu yake.

Nasi twafanya kinyume. Twalo jina lililobatizwa zamani, kisha kwenye mikutano ya hadhara twamhubiri Mungu kama jini mkubwa kuliko majini ya mganga, apigaye ajali gari la jirani mwenye husuda na kuleta viza kwa aliyetoa sadaka nono. Mungu huyo ni mmoja wa orodha, mwenye nguvu nyingi tu kuliko wenzake. Kijana wa chuo kikuu akimsoma Dawkins na kumkataa mungu huyo, sijui mchungaji wake atamjibu nini, ikiwa hakupata kumsikia mwingine.