Sikiliza Pale Nyimbo Zinapokutana

Juzi mtu mzima, mwenye gari lake na masikio mazima, kaniambia CD ya miksi aliyonunua Mtaa wa Kongo ni kazi ya fundi. Sababu zake: jalada lina rangi, nyuma zimeandikwa nyimbo arobaini, na ukibonyeza kitufe wimbo unaruka. Nikaisikiliza. Kila wimbo unafifia, kinafuata kimya cha sekunde mbili, halafu unaofuata unapandishwa sauti polepole kana kwamba yanakuja matangazo ya vifo. DJ aliyeipanga miksi ile alihangaika kulinganisha biti ili watu wasipumzike. Mkataji, yule aliyeigawa kuwa nyimbo za CD, kawapumzisha mara thelathini na tisa. Na bado anasifiwa!

Msiniambie CD imekufa. Redio nyingi za magari yanayoshushwa hapa bandarini kutoka Japani zinaishia 90, kwa hiyo EFM ya 93.7 huipati mpaka ufungiwe kifaa cha kuongeza masafa. Tundu la CD lipo na linafanya kazi. Ndiyo maana pale Kariakoo, katikati ya wauza chaja na wanaoingiza nyimbo kwenye flashi, bado kuna vibanda vinavyochoma CD. (Habari za stempu na hakimiliki waachieni TRA na COSOTA, mimi leo nina ugomvi na mkato tu.)

Mkato wa miksi hauongezi kitu kwenye sauti wala haupunguzi. Ni alama. CD ikiachwa icheze yenyewe toka mwanzo hadi mwisho, usijue kama imekatwa; ukibonyeza kwenda mbele, uangukie mahali penyewe. Mwenye kutimiza moja kati ya hayo mawili ni mwanafunzi. Anayetimiza yote ndiye tunayemlipa.

Alama inakaa wapi? Miksi nzuri huwa na muda mrefu ambao nyimbo mbili zinacheza pamoja. Mkataji mwenye haraka anaweka alama pale anapousikia wimbo mpya kwa mara ya kwanza, matokeo yake unaruka mbele na kukutana na nusu dakika ya wimbo uleule uliokuwa unaukimbia. Fundi anasubiri besi zipokezane: ya zamani ikishatolewa na mpya ikaingia, kwenye biti ya kwanza, hapo hapo. Wapo wanaobishana nami juu ya hili. Wamekosea. Na DJ akisalimia watu katikati, salamu ni za wimbo unaokuja, si unaoondoka.

Kwenye bolingo na dansi la hapa kwetu ndiko wengi wanakoumbuka. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji analalamika weee, halafu mwendo unapanda, linaingia chemko. Kijana asiyeujua muziki anadhani chemko ni wimbo mwingine, anaweka alama. Wengine hawadhani, wanajua na wanapasua makusudi ili namba zijae jaladani. "Mario" ya Franco, ya mwaka 1985, ina zaidi ya dakika kumi. Nimeikuta kwenye CD moja imepasuliwa vipande vitatu, kila kimoja na namba yake, cha tatu kimeandikwa "Mario Remix". Yupo pia anayeiamuru programu ikate kila baada ya dakika tano, kisha anaenda zake kunywa chai na chapati. Huyo utamjua kwa urefu: kila wimbo 5:00, wa mwisho 3:12. Na ukiandikiwa nyimbo mia na ishirini kwenye CD ya sauti, umeshatapeliwa kabla hujaifungua, maana CD ya sauti haipokei zaidi ya nyimbo 99, na hizo zote ziingie ndani ya dakika 80.

Hayo hata mgeni atayasikia akionyeshwa. Lipo jambo moja ambalo sijamwona mnunuzi akiligundua mwenyewe, nalo ndilo linalomtenga fundi na mtu mwenye kompyuta.

Ni tiki. Kelele ndogo, fupi kuliko kupepesa jicho, pale wimbo mmoja unapoupisha mwingine. Watu huilaumu CD yenyewe, vumbi, spika, mashimo ya barabara. Wala! Tiki imechomwa humo humo. CD ya sauti inagawa kila sekunde kwenye fremu 75, na kila fremu ina sampuli 588. Zidisha utapata zile sampuli 44,100 za kila sekunde. Wimbo hauwezi kuanzia katikati ya fremu. Sasa mkataji kakata faili lake la WAV pale jicho lilipopenda, tuseme sampuli ya 200 ndani ya fremu. Programu ya kuchoma haikubali fremu pungufu, basi inajaza sampuli 388 zilizobaki kwa sifuri. Sauti iliyokuwa juu inaporomoka, inakaa kimya kwa muda usiofika sehemu ya mia ya sekunde, kisha inarukia juu tena. Ngoma ikiwa inapigwa nzito huisikii, mdundo unaifunika. Iweke chini ya kinanda cha taarab kilichoshikiliwa, au besi ndefu ya kwaito, utageuka kuangalia nani kagonga kioo cha gari.

Mzee mmoja aliyekuwa na chumba juu ya duka la vitenge, Mtaa wa Sikukuu, hakupata kuwa na tiki. Hakuwa akitazama mawimbi kwenye skrini. Alivaa hedifoni upande mmoja, akaandika alama zake kwenye kaunta buku kwa peni: dakika, sekunde, fremu. 07:32:41. Mteja aliyemletea orodha yenye 07:32:80 alirudishiwa karatasi yake bila neno, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho haziwezi kuzidi 74. Aliyeziandika alikuwa anabahatisha. Na miksi yenyewe hakuipasua kabisa. Aliiacha WAV moja ndefu, na faili dogo la kyu likaieleza mashine alama ziko wapi. Hakuna kilichokatwa, kwa hiyo hakuna cha kujazwa sifuri. Kijana wake wa kazi alimuuliza, "Mzee, si tukate tu mafaili, mbona rahisi?" Akamjibu, "Mwanangu, ukishakata utaunga na nini?"

Asiyetaka kaunta buku ana njia nyingine. CD Wave, programu ndogo ya zamani, hukata penye mpaka wa fremu bila kuombwa. Audacity unaweza kuiambia ihesabu kwa fremu za CD na alama zikae penye mpaka tu. Ni suala la kubonyeza mara mbili, na sioni wanaobonyeza.

Balaa lenyewe ni MP3. Mtu anaikata miksi, anahifadhi vipande kwa MP3 "visichukue nafasi", halafu anavirudisha kuchoma CD ya sauti. Wakati wa kubana sauti, MP3 huongeza kimya mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Hapo si tiki tena, ni kwikwi, na kwenye singeli inayokimbia biti 200 kwa dakika, ambapo kutoka biti hadi biti ni sehemu tatu za kumi za sekunde, mchezaji anajikwaa. Juu ya hapo Nero, programu ya kuchoma, inaachwa na kituo chake cha sekunde mbili kati ya nyimbo, ambacho kwenye singeli hiyohiyo ni zaidi ya biti sita zilizopotea. Dawa ya kituo hicho inajulikana: chagua nyimbo zote kuanzia ya pili, weka kituo sifuri, choma kwa "Disc-at-Once". Imeandikwa pale kwenye dirisha la programu, mbele ya macho yao.

Halafu kuna ujanja. Muuzaji mmoja alijua fika CD zake zina tiki. Badala ya kurekebisha, akarekodi sauti ya binti ikilitaja duka lake kwa mwangwi na kuibandika juu ya kila kiungo. Wateja wakaona huo ndio usasa, wakaongezeka. Leo kila kibanda mtaani kwake kina binti wake.

Kwa hiyo ukitaka kupima, usianze kubonyeza vitufe. Peleka wimbo hadi sekunde chache kabla haujaisha, toa mkono, uache uvuke wenyewe. Chagua viungo ambavyo havina ngoma nzito, vya kinanda, vya gitaa la solo, vya sauti tupu. Vitatu vinatosha. Halafu ndipo ubonyeze kwenda mbele, usikie kama unaangukia kwenye biti ya kwanza au ya tatu na nusu. Lakini kuwa mwangalifu na deki: deki nyingi za DVD zinazouzwa Msimbazi na Aggrey hutulia kidogo zenyewe kila zinapohama faili la MP3, ukamlaumu fundi asiye na hatia. Pima kwa CD ya sauti, kwenye redio ya gari.

Mengine sitayatetea, yashike tu. CD ya miksi haianzi na tangazo. Wimbo wa kwanza usizidi dakika nne. Orodha iandikwe kwa mkono, maana anayeandika kwa mkono lazima awe ameusikiliza wimbo. Na miksi ya taarab isikatwe na mtu ambaye hajawahi kumtunza mwimbaji.

Enzi za kanda hatukuwa na ugomvi huu. Miksi iliyorekodiwa kwenye kanda ya dakika tisini ulisikiliza kama DJ alivyoipanga, upande A kisha B, na aliyetaka kuruka wimbo alibaki kuhangaika na kitufe mpaka akakata tamaa akacheza. Klabu ya Bilicanas ilikuwa bado haijafungwa, ilifungwa 2016, na mtu alijua DJ gani kapiga kwa namna besi zilivyopokezana tu. CD ilipokuja ilitupa uwezo wa kuruka. Haikumpa mtu ruhusa ya kubomoa.

Bei zinafanana, mzembe na fundi, nenda kaulize. Basi mwambie muuzaji aiweke CD kwenye deki kabla hujatoa hela, usikilize viungo vitatu. Akikwambia "bosi, hii haina shida, chukua tu", mshukuru, uvuke barabara uende kwa jirani yake.