Walimwacha Simba, Wakabeba Nyika

Jumapili jioni, kwenye klabu moja ya Satellite kando ya barabara ya Naivasha, kuna kesi ambayo haijawahi kuisha. Si ya siasa, na si ya Gor na Ingwe. Mlalamikaji ni mzee mmoja fundi wa redio, mtu wa Simba Wanyika damu. Upande wa pili kuna jirani yake wa meza, zamani makanga, ambaye kwake muziki wa Kiswahili ulianza na Les Wanyika na ukaishia hapo hapo. DJ akiweka tu "Sina Makosa", mahakama inafunguliwa.

"Hao ni wezi," fundi anasema. "Waliiba jina, wakaiba na mdundo."

"Mzee wangu, mwizi huiba cha mtu. Mdundo ulikuwa mikononi mwao. Ulitaka wakate mikono waiache hapo?"

Sisi wa rika la chini tunacheka na kuongeza soda. Lakini nimeisikiliza kesi hii mara nyingi, na siku hizi nacheka kidogo. Hawa wazee wawili wanabishana juu ya jambo ambalo wahakiki wetu wengi hawaligusi: bendi ni nini hasa? Ni jina? Ni sauti ya mwimbaji? Ni wenye vyombo? Shida yangu ni kwamba wakifika karibu na jibu, wanarudi kwa ile ya nani alimsaliti nani.

Kwa wasee ambao zilizopendwa walizisikia tu kwa gari la mzazi, mambo yalikwenda hivi. Wilson na George Peter Kinyonga walikuwa ndugu kutoka Tanga. Walipitia Jamhuri Jazz kwao, wakapanda Arusha, na mwaka wa 1971 wakaingia Nairobi na kuunda Simba Wanyika. Kufikia katikati ya miaka ya sabini jina lao lilikuwa kubwa. Halafu, mwishoni mwa 1978, watu waliokuwa nyuma ya hao ndugu waliondoka kwa mkupuo. Alikuwemo Omar Shabani, mpiga rithimu ambaye wenzake walimwita Profesa. Alikuwemo Tom Malanga wa besi. Alikuwemo pia mwimbaji Issa Juma. Wakamwongeza John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga na Wakongo wa Bwambe Bwambe, wakajifungia miezi kadhaa kutunga na kufanya mazoezi, kisha wakatokea Garden Square, katikati ya jiji, wakiitwa Les Wanyika.

Hilo jina hebu tulitazame kidogo. Simba Wanyika ni simba wa nyika, yule mnyama wa porini. Waliotoka hawakumgusa simba. Walimwachia bwana simba wake, wakabeba nyika, na mbele yake wakabandika "Les" ya Kifaransa, kwa sababu Nairobi ya wakati huo bendi ikitaka kuheshimiwa ilibidi inukie Kongo kidogo. Les Mangelepa walikuwa washaonyesha njia mwaka wa 1976, na wao pia walikuwa wametoroka, kutoka kwa Baba Gaston. Kisarufi, Les Wanyika ni takataka: nusu ya Kifaransa imeshonwa kwa nusu ya Kiswahili. Kama tangazo la biashara, ni kazi safi. Ukisikia "Wanyika" unajua mzigo ni upi, na ukisikia "Les" unajua duka limehama.

Fundi hapa ana hoja, na mimi simnyimi. Jina walilitwaa.

Lakini mdundo? Wapenzi wa roki wana kesi yao inayofanana, ya Van Halen na David Lee Roth aliyeondoka mwaka wa 1985. Huko mambo ni rahisi kiasi: mwimbaji ametoka, gitaa limebaki, jina limebaki, kaingia Sammy Hagar, na mashabiki wakagawanyika kufuata koo. Kila mtu anajua anagombania nini. Kesi ya Wanyika imepinduka. Waimbaji wenye bendi ndio waliobaki, na walioondoka wengi wao ni watu ambao picha ikipigwa wanasimama nyuma. Simba iliamka asubuhi ikiwa na uso na jina, lakini haina mgongo.

Weka headphone usikilize "Sina Makosa", uache maneno yapite. Besi ya Malanga haikimbii. Inasema kitu, inanyamaza, inakuachia nafasi ya kujibu na kiuno, halafu inarudi. Juu yake kuna rithimu ya Profesa, ambayo ukiisikiliza ovyo utadhani ni kitu kimoja kinajirudia. Si kimoja. Anabadilisha kidogo sana, noti moja hapa, mkwaruzo pale, na kila akibadilisha wimbo wote unahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Gitaa la solo linaingia juu likiwa jepesi kwa sababu chini pameshikwa. Hakuna vurugu. Nyimbo nyingi za enzi ile zinakusukuma mpaka ufike kwenye sehemu ya kuchangamka, yaani unavumilia beti ndiyo upate densi. Hii haikusukumi popote. Unakuta tu ushaanza kucheza na hujui uliinuka saa ngapi.

Halafu rudi usikilize Simba ya miaka ya themanini. Ni bendi nzuri, nisieleweke vibaya, na "Shilingi" ni wimbo ambao Wakenya hawajauchoka na sioni wakiuchoka karibuni, maana shida inayoimbwa mle haijaondoka. Wilson anaimba kama mtu anayekueleza jambo zito bila kupandisha sauti. Lakini muziki wenyewe umejaa zaidi, umevaa nguo nyingi. Naisikia kama nyumba iliyohamwa na mtu mmoja, wengine wakanunua fanicha ili pasionekane wazi. Nilimwambia fundi hivyo. Aliniangalia kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Wewe umezaliwa juzi," akasema. "Umesikiliza 'Pepea'?"

Nimesikiliza. Ilitoka mwaka wa 1992, na humo gitaa zinazungumza vizuri kweli. Hiyo ndiyo hoja yake kali, kwamba bendi inaweza kuota mgongo mwingine. Sina jibu la haraka kwa "Pepea".

Makanga naye ana sehemu anayoikwepa, nayo inaitwa Issa Juma. Sauti ile nzito, ya kifuani, haikukaa Les Wanyika kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Issa alitoka na kuunda Super Wanyika, akatoa "Sigalame", wimbo wa yule jamaa aliyepotea halafu akarudi na mali ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Kama kutoka kwa bwana mkubwa ni ushujaa mwaka wa 1978, kwa nini Issa akitoka anaitwa msumbufu? Makanga husema Issa alikuwa na haraka. Hiyo si hoja, buda. Hiyo ni kusema tu kwamba kutoroka kunakubalika ukitoroka kuja upande wangu.

Kwa sababu ya Issa tunaweza kupima jambo ambalo kesi ya Van Halen haipimiki. Les Wanyika walimpoteza mwimbaji, na haikuwa msiba. Ngereza aliimba, nyimbo zikaendelea kutoka, na mwaka wa 1998 "Amigo" ikakuta kizazi kingine kikiisubiri kana kwamba ni bendi mpya. Simba walikuwa na sauti ya Wilson. Super Wanyika walikuwa na ya Issa. Kila nyika ilipata koo zuri. Kwa hiyo koo haliwezi kuwa ndilo lililozitofautisha. Kilichotofautisha ni mkono wa kulia wa mtu mmoja ambaye hata leo ukimtaja kwa meza ya watu kumi, wanane watakuuliza, "Omar nani?" Alifariki mwaka wa 1998, mwaka ule ule wa "Amigo".

Hapo ndipo naudhika, niseme ukweli. Tunamjua aliyeimba, basi, hata kwa nyimbo tunazocheza kwa ajili ya aliyepiga. Tumefanya hivyo hivyo juzi tu. Sauti Sol walipotangaza Mei 2023 kwamba wanapumzika, mitaani swali lilikuwa Bien ataendaje peke yake, halafu Savara, halafu Chimano. Polycarp, aliyeshika gitaa miaka yote hiyo, tulimkumbuka mwisho, kama mtu anayehesabu watoto kwenye matatu na kusahau aliyelala siti ya nyuma. Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu 1978 na masikio yetu bado yanatafuta mdomo.

Kuna nadharia ya pale klabuni, inayopendwa sana, kwamba "Sina Makosa" ni jibu kwa ndugu Kinyonga. Yaani Les Wanyika wanajitetea: tumetoka, na hatuna kosa. Inavutia, hasa ukiwa umekunywa mbili tatu. Lakini wimbo wenyewe haukubali. Mle ndani kuna wanaume wawili wamekasirikiana kwa ajili ya mwanamke, na anayeimba anamshangaa mwenzake: huyu tunayemgombania hayuko kwako wala hayuko kwangu, sote tuna ndoa zetu, sasa uhasama huu ni wa nini? Hilo jina la wimbo ni la ujanja. Mtu anajitangaza hana kosa katikati ya hadithi ambayo kila aliyemo ana kosa lake. Unasikiliza dakika zote hizo unacheza, na hakuna hata mmoja wa wale wawili ungependa akuoe.

Kwa hiyo kama ni jibu kwa yeyote, labda ni kwa hawa wazee wangu wa Satellite, na lilitungwa kabla hawajaanza kugombana. Nilithubutu kuwasomea nadharia yangu Jumapili iliyopita, taratibu, kwa heshima: kwamba Wanyika si mke wa Simba na si mke wa Les. George Kinyonga alifariki 1992, Wilson 1995, Ngereza 2000. Wenyewe wamelala. Nyinyi bado mko mahakamani.

Makanga alisema nimesoma sana. Fundi akasema nimejaribu, lakini mwanamke kwenye wimbo angalau hakuwa na mwanzilishi, na Simba Wanyika ilikuwa nao wawili, tena ndugu wa damu. Nikakosa la kusema. Kisha akamwita DJ na kumwomba aweke "Pepea", yote, bila kuikata katikati kama kawaida yake, na akaniwekea kiti karibu na spika ya kushoto, ambako ndiko gitaa hutokea.